Kiuno kinapouma na mkojo unapoponyoka: mwongozo wa tiba ya viungo kwa watu wa Unguja na Pemba

Wanawake wengi wanaokuja kwangu huja na kiuno. "Mwanangu, kiuno hiki kinanikata," ananiambia, na mimi namtazama anavyokaa na anavyoinuka, nampapasa mgongo, namfundisha mazoezi mawili matatu, tunaagana. Ameshavaa viatu, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anapogeuka na kusema kwa sauti ya chini: "Na kitu chengine, mwanangu. Nikikohoa, najichafua."

Namwambia, "Rudi mama, kaa kitako. Bado hatujamaliza."

Kwetu ni Pemba, na kazi yangu ya fiziotherapia naifanya Unguja. Mlango ule umeshanisimamishia wanawake wengi kabla hawajatoka. Mmoja alivaa kanga ya tatu ndani ya buibui, kaikunja mara nne, na kwenye mkoba alikuwa na nguo ya kubadilisha. Miaka sita hakwenda harusini wala matangani, kwa kuwa hakujua choo cha nyumba ya watu kiko wapi. Miaka sita, na maradhi yenyewe ni ya kutibika kwa mazoezi. Huyo ndiye aliyenifanya niandike haya, ili msomaji asingoje mpaka afike mlangoni.

Kwanza ujue tunazungumzia nini

Chini kabisa ya mwili, baina ya mfupa wa kinena mbele na kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa. Wataalamu wanaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Mimi huwaambia wagonjwa wafikirie kitanda cha kamba. Fremu ni mifupa ya nyonga, kamba ni misuli, na juu yake vimelala kibofu cha mkojo, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Kamba zikiwa zimewambwa vyema, vilivyo juu vinakaa mahali pake na njia zinafunga. Zikilegea, kitanda kinabonyea katikati: mkojo unaponyoka ukicheka au ukipiga chafya, unahisi uzito kama kitu kinataka kushuka, wengine wanagusa wakati wa kujitawadha na kukuta uvimbe laini ambao zamani haukuwepo.

Kitanda cha kamba kikilegea hakitupwi, kinawambwa upya. Misuli hii nayo ndivyo. Daktari wa Kimarekani Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 juu ya kuifanyisha mazoezi wanawake waliokuwa wakivujwa na mkojo baada ya kuzaa, na mpaka leo mazoezi hayo ndiyo tiba ya mwanzo kabla ya kufikiria kisu. Masomo na makungwi wetu, wale wanaowafunda wari, nao walijua, kwa njia yao, kwamba sehemu hizo zina misuli na misuli inafundishika. Mwari aliyefundwa kukata kiuno alikuwa tayari amejifunza kuitembeza nyonga yake, jambo ambalo wagonjwa wengi nalazimika kuanza nalo.

Misuli hiyo hulegezwa na mimba na uzazi, kukohoa kwa muda mrefu, kufunga choo na kujikamua, kubeba mizigo mizito miaka nenda miaka rudi, uzito wa mwili, na kukoma hedhi. Aliyezaa kwa upasuaji asijione amesalimika, kwani miezi tisa ya kubeba mimba peke yake ni mzigo juu ya kamba hizo.

Kabla ya zoezi lolote: dalili za kwenda hospitali leo

Sehemu hii isome mara mbili.

Ukiwa na maumivu ya mgongo, kisha ukahisi ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri (pale panapogusa tandiko mtu akipanda punda), au mkojo umegoma kutoka, au haja kubwa inakutoka bila kujijua, au miguu inaishiwa nguvu, usisubiri asubuhi. Hiyo ni mishipa ya fahamu kubanwa chini ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.

Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au yanayokuamsha usiku na hayatulii kwa mkao wowote, yapimwe kwanza. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na saratani pia. Aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu au mnazi asiinuliwe kwa kushikwa kwapa na miguu. Alazwe ubaoni, kichwa na shingo vishikwe visiyumbe, apelekwe hivyo hivyo.

Damu kwenye mkojo usiitibu kwa mazoezi. Visiwani kwetu kichocho cha mkojo ni maradhi ya tangu na tangu, na kwa wanawake kinaweza kuingia mpaka kwenye njia ya uzazi kikaleta maumivu ya chini ya kitovu na damu isiyo na mpango. Mkojo unaochoma nao upimwe. Anayekwenda haja ndogo mara kwa mara huku ana kiu kubwa apime sukari. Anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi akamuone daktari wiki hiyo hiyo.

Na mwanamke ambaye mkojo unamtoka mfululizo, usiku na mchana, bila kukohoa wala kubanwa, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu wa kujifungua, huenda ana fistula. Hilo ni tundu, na tundu halifungwi kwa kubana misuli. Linashonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imekuwa ikifanya upasuaji huo kwa miaka mingi, na daktari wa hospitali yako anaweza kukuelekeza.

Hatua ya kwanza: daftari la siku tatu

Chukua daftari la shule. Kwa siku tatu andika kila ulichokunywa na saa yake, kila ulipokwenda haja ndogo, na kila mkojo ulipoponyoka na ulikuwa unafanya nini. Umepiga chafya? Umeinua ndoo? Au ulikuwa umekaa tu, ukabanwa ghafla na hukuwahi choo?

Majibu haya ndiyo yanayoamua tiba. Mkojo unaotoka kwa kukohoa, kucheka au kuinua kitu ni wa misuli kushindwa kufunga. Mkojo unaokubana ghafla ukiwa unatia ufunguo mlangoni ni wa kibofu kilichozoea kukurupuka. Wengi wana yote mawili. Mtu mzima mwenye afya huenda haja ndogo baina ya mara nne na nane kwa siku, na usiku mara moja au asiende kabisa. Ukihesabu mara kumi na tano, daftari limeshakwambia jambo.

Hatua ya pili: itafute misuli

Lala chali, magoti umeyakunja, nyayo zimekanyaga godoro. Pumua kawaida mara tatu. Sasa fikiria umo ndani ya daladala imejaa, na hewa inataka kukutoka. Ibane pale nyuma isitoke. Kisha upeleke mbano huo mbele, kama unayezuia haja ndogo, uuvute kwa ndani na kwa juu, kuelekea kitovuni. Halafu achia. Achia kabisa, mpaka uhisi umeshuka.

Makosa nayaona kila siku: mtu anakaza makalio, anabana mapaja, anazuia pumzi mpaka uso unavimba. Weka mkono mmoja kwenye tako, lazima libaki laini. Pumzi iendelee kuingia na kutoka. Kama una shaka, chukua kioo kidogo, jitazame ukiwa peke yako: sehemu iliyo baina ya njia ya mbele na ya nyuma inatakiwa iingie ndani na kupanda. Ikitokeza nje, unasukuma, hubani. Simama hapo hapo, usiendelee mpaka umepata mwelekeo, kwa sababu kusukuma kila siku kutazidisha tatizo.

Kukata mkojo ukiwa unakojoa usikufanye kuwa zoezi. Kibofu kinachozoeshwa hivyo huanza kubakisha mkojo ndani.

Hatua ya tatu: jua kama imelegea au imekaza

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Mwanzoni mwa kazi yangu alinijia kijana wa kike, miezi michache tangu aolewe. Tendo la ndoa lilikuwa likimuuma vibaya sana, na mkojo ulikuwa ukikatakata. Mimi, bila kumpima sawasawa, nikamfundisha kubana mara tatu kwa siku. Alirudi baada ya wiki tatu, analia. Maumivu yalikuwa yamezidi, na nyumbani walishaanza kusema ana jini. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alimpima kwa utulivu, akaniambia: misuli ya huyu haijalegea hata kidogo, imekazwa kama ngumi, na wewe umemfundisha kuikaza zaidi.

Nilimuomba msamaha yule binti. Tukaanza upya, kwa kuachia.

Kwa hiyo jipime. Ukihisi maumivu wakati wa tendo la ndoa, mkojo unachelewa kuanza au unakatika, haja kubwa inatoka kwa shida ingawa ni laini, au maumivu ya nyonga yanazidi ukifanya mazoezi ya kubana, usibane. Wengi wenye haya huambiwa wana "chango", wanywe dawa za miti miaka na miaka. Kamba za kitanda zikiwambwa kupita kiasi nazo zinakata. Dawa yake ni hii:

Piga magoti juu ya msala au mkeka, kalia visigino, inama mbele kama sijda lakini magoti yawe mbali mbali na kifua kishuke katikati yake. Mikono nyoosha mbele. Vuta pumzi kwa pua taratibu, uipeleke chini, mpaka uhisi mbavu zinatanuka na nyonga inafunguka. Usisukume, acha pumzi yenyewe ifungue. Toa pumzi kwa kinywa, polepole. Dakika tano, asubuhi na kabla ya kulala. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi kabla yake kunasaidia. Kisha mtafute mtaalamu akupime, kwani misuli iliyokaza ina hatua zake za mkono ambazo maandishi hayawezi kuzifundisha. Na mume aambiwe. Tendo lisilazimishwe wakati wa tiba, kwa maana kila maumivu mapya yanaufundisha mwili kukaza tena.

Hatua ya nne: kuwamba kitanda

Hii ni kwa wale ambao misuli imelegea. Bana kama ulivyojifunza, shikilia kwa kadiri unavyoweza huku unapumua. Wengi huanza na sekunde tatu. Achia kwa muda ule ule au zaidi. Rudia mara nane mpaka kumi. Kisha fanya mibano kumi ya haraka, bana na kuachia. Hiyo ni duru moja. Kwa siku unahitaji duru tatu. Kila wiki ongeza sekunde moja, mpaka ufike kumi.

Kinachowashinda watu ni kukumbuka. Mimi nimeacha kuwaambia "fanya mara tatu kwa siku," nawaambia: ukishatoa salamu ya alfajiri, ya adhuhuri na ya isha, usinyanyuke kwenye msala kwanza. Hapo hapo juu ya msala, fanya duru yako. Siku ambazo huna sala, adhana unaisikia, itumie hiyo. Dakika nne hazizidi.

Wiki mbili za mwanzo fanya ukiwa umelala, kisha umekaa, kisha umesimama, kwa sababu chafya haikungoji ulale. Muda wake ni wiki kumi na mbili. Wengine huona nafuu wiki ya nne au ya sita, na hapo ndipo wanapoacha. Usiache. Msuli uliokaa dhaifu miaka haujengeki kwa mwezi.

Jambo la kujifunza siku ya kwanza kabisa: bana kabla. Unahisi kikohozi kinakuja, bana kwanza ndipo ukohoe. Unataka kuinua ndoo, sogea karibu nayo, kunja magoti, bana, toa pumzi, inua. Kuna wanawake ambao kwa hili peke yake, ndani ya wiki moja, kanga ya tatu waliivua.

Kufundisha kibofu

Kama daftari lako linaonyesha unabanwa ghafla, kazi ni ya kichwa na misuli pamoja. Ukibanwa, usikimbie. Simama au kaa kitako, bana haraka haraka mara tano, hesabu pumzi mpaka wimbi lipite, kisha nenda chooni kwa mwendo wako. Anza kwa kuchelewesha dakika tano, wiki inayofuata kumi, mpaka ufikie saa tatu baina ya safari na safari. Acha tabia ya kwenda "nisije nikabanwa njiani," kwani kibofu kinachomwagwa nusu kinasahau kujaa.

Usijinyime maji. Najua wanaokunywa gilasi mbili kwa siku ili wasiaibike, na mkojo ukawa wa rangi ya chai, unakiunguza kibofu na kukifanya kikurupuke zaidi. Lita moja na nusu mpaka mbili zinatosha wengi wetu, zaidi kidogo ukifanya kazi juani. Chai na kahawa zipunguze, na utaona tofauti hasa jioni. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji yote wakati wa daku, yagawe tangu futari.

Wengi huniuliza juu ya udhu. Mimi ni mtu wa viungo, si mwanachuoni, lakini jambo hili wanavyuoni wameshalieleza: mwenye udhuru wa kutokwa na mkojo hutia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, na sala yake inasihi. Muulize sheikh wako au mwalimu wako wa kike wa madrasa. Nimewakuta wanawake walioacha kusali wakidhani hawafai tena, na hilo limeniuma kuliko mkojo wenyewe.

Choo

Kujikamua chooni kila siku kunabomoa kile unachojenga kwenye msala. Choo chetu cha kuchuchumaa ni kizuri kwa hili, kinanyoosha njia. Mwenye choo cha kukalia aweke kigoda chini ya nyayo, magoti yapande juu ya kiuno, aegemee mbele kwa viwiko. Asizuie pumzi. Kula mapapai, mchicha, maharage, kunywa maji, tembea.

Aliyejifungua karibuni

Mila yetu ya arubaini ina jema kubwa: mama anapumzika, anakandwa, habebi ndoo. Ishikilie. Mambo mawili tu nayarekebisha. Mkaja usifungwe kwa nguvu ya kubana tumbo liwe bapa. Ukikaza katikati, unachokisukuma kinakwenda chini, pale pale ambapo kamba zimechoka. Ufunge uanzie chini kwenye nyonga na ubaki wa kuegemeza, mkono wako uweze kupenya, na usiku uufungue. La pili, maji ya kukandia yasiwe ya moto wa kuunguza, na mshono wa upasuaji au wa njia ya uzazi usikandwe. Na kama kuna mtu anataka kukubonyeza tumbo kwa nguvu "akipandishe kizazi", kataa kwa adabu lakini kataa.

Mibano midogo midogo ya hatua ya pili unaweza kuianza siku chache baada ya kujifungua, ukishaanza kukojoa vizuri na kama haiumi. Ukiwa na mpira wa mkojo, subiri utolewe. Kuruka, kukimbia na kubeba mizigo kungoje arubaini ipite na zaidi.

Na wanaume

Wanaume nao wana misuli hii. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume mara nyingi hutokwa na mkojo baadaye, na mazoezi ya hatua ya nne yanamsaidia, tena akiyaanza kabla ya upasuaji ni bora. Namna ya kuitafuta: simama, jaribu kuifupisha dhakari kuelekea ndani na kuinua korodani, bila kukaza tumbo. Ukikojoa ukamaliza kisha matone yakakuchafulia kanzu, bana mara tatu kabla hujajitawadha. Wanaoambiwa wana "mshipa" kwa maumivu ya kinena yasiyoisha wapimwe kama ni ngiri kweli, kwani wapo ambao kumbe misuli imekaza kama ya yule binti.

Kiuno, magoti, na kazi zetu

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Walio wengi hawana mfupa uliotoka wala diski ya kukatwa. Kulala kitandani wiki nzima hakuwasaidii, kunawazidishia. Kinachosaidia ni kutembea mapema na kurudisha nguvu kidogo kidogo.

Mazoezi mawili tu kwa kuanzia. Lala chali, magoti umeyakunja, inua makalio mpaka mwili unyooke toka mabega hadi magoti, hesabu tano, shusha. Mara kumi. Kisha shika ardhi kwa mikono na magoti, upandishe mgongo kama paka aliyeshtuka, halafu uushushe ubonyee, polepole, mara kumi. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno ikiwa yanatulia ndani ya siku moja. Yakiendelea mpaka kesho kutwa, umezidisha, punguza nusu. Usikubali kukanyagwa mgongo wala kuvunjwa shingo. Kukandwa kwa mafuta ya nazi ni starehe na kunalegeza, lakini peke yake hakujengi nguvu.

Wakulima wa mwani nawazungumzia kwa namna ya pekee, kwa sababu nimeshasimama nao majini Paje wakati wa bamvua na kuhesabu. Mama mmoja aliinama akifunga mwani kwenye kamba kwa dakika arubaini bila kunyooka, magoti yamenyooka, uso karibu uguse maji. Kisha akajitwisha gunia bichi linalochuruzika. Kiuno kinafanyaje? Vipando vifungwe ufukweni kivulini kila inapowezekana, umekaa na miguu umeikunjua. Majini, piga goti moja, badilisha upande kila kamba. Kila baada ya kamba mbili simama, weka mikono kiunoni, jipinde nyuma mara tano. Gunia lifanye mawili, uende safari mbili. Najua maji yanajaa na bei ya mwani haingoji, lakini mama aliyelala mwezi mzima na kiuno havuni chochote.

Mbuzi ya kukunia nazi iweke juu ya kibenchi, isikukunje. Wachambuaji wa karafuu Pemba wakae na mgongo umeegemea ukuta, na kila pishi likijaa wanyanyuke.

Magoti ya wazee huuma zaidi misuli ya mbele ya paja ikisinyaa. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka unyooke, hesabu tano, shusha, mara kumi kila mguu. Ukizoea, inuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika. Anayesali juu ya kiti kwa sababu ya magoti aendelee, na mazoezi ayafanye, wengine hurudi mkekani.

Siku ya kwenda hospitali

Uliza chumba cha fiziotherapia, au cha mazoezi, katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe: Mnazi Mmoja kwa Unguja, na kwa Pemba anzia Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee ya Mkoani. Kama huduma ya nyonga haipo hapo, daktari akuandikie barua ya kwenda pengine. Nenda na daftari lako, majina ya dawa unazotumia, na umesema moyoni mapema jambo lako ni lipi. Liseme mwanzo, usingoje mlangoni.

Una haki ya kuomba mwanamke akuhudumie, na kuingia na dada yako au wifi. Mtaalamu atauliza juu ya uzazi, choo na tendo la ndoa. Maswali hayo ni ya kazi. Pengine ataomba kuipima misuli kwa kidole chenye glavu. Hilo halifanywi bila ridhaa yako, unaweza kukataa na bado ukatibiwa, na unaweza kusema basi wakati wowote.

Ikiwa wiki kumi na mbili zimepita, umefanya kila siku, na hakuna kilichobadilika, rudi. Usihesabu kuwa umeshindwa. Kuna pete maalumu inayowekwa ndani kuegemeza kizazi kilichoshuka, zipo dawa za kibofu kinachokurupuka, na upo upasuaji. Aliyekwishajenga misuli yake kabla ya upasuaji huingia akiwa na nguvu zaidi. Fanya siku nyengine tatu za daftari, uyaweke mawili hayo sambamba, la mwanzo na la mwisho, ndipo uje.